Chuma Kisicho na Karatasi

Muuza nyama aliyekuja karakana alitaka kisu kirefu na chembamba, cha kutenganisha nyama na mfupa. Fundi aliyekuwa akinifundisha uhunzi aliniachia kazi nzima, pamoja na uamuzi wa chuma. Juu ya meza kulikuwa na ubapa mpya wa chuma cha aina ya 1084, wenye karatasi yake ya vipimo. Chini, kwenye rundo la vyuma chakavu, kulikuwa na jani la springi ya lori.

Moyo wangu ulikuwa kwenye springi. Hadi leo nazipenda. Chuma kilichobeba mizigo miaka nenda miaka rudi kinastahili kupewa kazi nyingine, si kuachwa kiliwe na kutu.

"Fundi, hii inatosha. Springi ni chuma kizuri."

"Springi nyingi ni 5160, lakini si zote," akanijibu. "Hii nani kakwambia ni ipi? Ijaribu, mwanangu, kisha uje uniambie."

Nikakata vipande vyembamba, kimoja cha ubapa mpya na viwili vya springi. Kwenye jiwe la kusagia vyote vilitoa cheche zenye kupasuka matawi, dalili ya kaboni ya kutosha. Za ule ubapa zilichanua zaidi. Nikavitia motoni, nikawa navigusisha sumaku. Chuma huacha kuvutwa na sumaku kwenye nyuzi 770 hivi za Selsiasi, na hapo ndipo mhunzi asiye na kipimajoto anapoanzia. Nikaongeza moto kidogo, nikavitosa kwenye mafuta yaliyopashwa. Tupa iliteleza juu ya vyote bila kung'ata, dalili kwamba vimekuwa vigumu. Kufikia hapo springi ilikuwa haijashindwa popote.

Nikabana kipande kimoja kimoja kwenye jiliwa na kukivunja kwa nyundo. Huu ndio mtihani ninaouamini kuliko yote, kwa sababu unauona moyo wa chuma. Ule ubapa ulivunjika ukaonyesha uso wa kijivu, laini, chembe zake ndogo mno kuonekana. Kipande cha kwanza cha springi kilikuwa hivyo hivyo. Cha pili kilikatika kwa pigo dogo sana, na pembeni mwa uso wake mpya kulikuwa na doa jeusi, limepinda kama mwezi mchanga.

Fundi alikisogeza dirishani, akapitisha ukucha juu ya lile doa. Weusi ule ulikuwa magamba ya moto na kutu: ufa ulikuwamo kabla sijawasha tanuri. Springi hupinda na kunyooka mara zisizohesabika, chuma kikachoka, na ufa huanza kwenye ngozi yake, mdogo, umefichwa na kutu na rangi. Kipande kizima na kipande kibovu vilitoka kwenye jani moja, vikiwa vimepakana. Ningefua kisu kutoka sehemu iliyobaki, ni mtihani gani ungenihakikishia bila kukivunja?

Hata ingekuwa nzima, kwa kisu hiki nisingeichagua tena. 5160 ina kaboni ya asilimia 0.6 hivi na kromiamu kidogo. Ni chuma kivumilivu, cha panga na shoka, vitu vya kupigwa kwa nguvu. 1084 ina takriban asilimia 0.84, na makali membamba hukaa zaidi juu yake. Tena mhunzi anajua tangu mwanzo aipeleke kwenye joto gani. Chuma chakavu hata kikiwa bora hukulazimisha uanze maswali upya kila kipande, na hilo halina shida ukiwa unajifunza. Kisu cha kumkabidhi mtu mwingine ni jambo jingine. (Chuma chenye koti la zinki ndicho nisichokitia motoni kabisa. Moshi wake ni sumu.)

Nikafua kisu kwa ule ubapa. Baada ya kukitosa nilikipasha kwa nyuzi 200 ili kisivunjike kirahisi, saa mbili, kikapoa, kisha saa mbili tena, hadi sehemu niliyoisugua ikapata rangi ya majani makavu. Jani la springi nililikata vipande vifupi vya kujifunzia kutosa, vyote vikaishia kuvunjwa kwenye jiliwa. Kipande cha ubapa kilichobaki nilikigonga alama 1084 kwenye ncha zote mbili, ili nikikata upande mmoja jina lisipotee.