Siku moja maishani mwangu: fundi wa minara, Riat

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi nimeshafika Riat. Kutoka huku juu unauona uwanja wa ndege wa Kisumu kando ya ziwa, kwa hiyo rangi na taa za mnara hatuzifanyii mzaha.

Mnara wa leo ni wa redio, mita 63. Una mikanda saba ya mita 9 kila mmoja, chungwa na nyeupe zikipokezana, chungwa ikikaa chini kabisa na kileleni. Mchana rubani anautambua kwa rangi hiyo, usiku kwa taa.

Saa moja na nusu tunawapigia studio wazime mtambo. Kabla ya hapo hapandi mtu, kwani mawimbi ya FM karibu na antena huunguza mwili bila kuonekana. Mlinzi anasikiliza kiredio chake. Kikianza kukoroma tu, ujue mtambo umezimwa, naye anatupungia mkono tupande.

Hadi saa sita niko kileleni. Jua limeipausha chungwa hadi ikawa kama waridi. Nakwangua kutu kwa brashi ya waya, napaka praima, rangi ya kwanza ya kutangulia. Mwenye mnara anapaza sauti kutoka chini: “Fundi, si upake tu huku kunakoonekana?”

“Mzee, anayetakiwa kuuona yuko angani!”

Mchana mawingu yanajikusanya upande wa Nandi. Tunashuka upesi, radi za Kisumu nazijua.

Saa kumi, mvua ikiwa imepita, tunajaribu taa. Nafunika fotoseli, kile kihisi cha mwanga kinachowasha taa, kwa utepe mweusi ili idhani usiku umeingia. Taa nyekundu ya kileleni inamweka mara 40 kwa dakika. Kanuni za kimataifa zinataka kati ya 20 na 60. Za katikati ni mbili, hazimwekimweki, nazo zinapaswa kuonekana pande zote. Ya upande wa ziwa haiwaki. Balbu ni nzima, kebo ndiyo imeoza.

Mzee anaomba tungoje wiki ijayo. Namwambia hapana, na hapo hapo tunaipasha habari mamlaka ya usafiri wa anga: mnara upi, urefu wake, ulipo, taa ipi imezima, ili marubani watangaziwe usiku huu huu. Inaniudhi sana taa ikizima halafu watu wakae kimya.

Saa moja jioni naandika kwenye daftari la mnara. Kebo nitaivuta kesho asubuhi, kisha nimalizie chungwa.