Mama aliyezipokea simu za familia za wanajeshi

Nimetoka sasa hivi kwenye hafla ya kumuaga mama mmoja, mjane wa mwanajeshi, aliyejitolea kwa miaka mingi katika Msalaba Mwekundu wa Marekani, hapa karibu na kambi ya jeshi ya Fort Bragg, North Carolina.

Kwa ndugu zangu wa nyumbani wasioifahamu kazi hii: familia ya mwanajeshi inapofiwa au kuuguza mtu mahututi, hutupigia simu, nasi huthibitisha habari hiyo kwa daktari au kwa wahudumu wa mazishi, kisha ujumbe hufikishwa kwa kamanda wake, hata akiwa ng'ambo. Ruhusa ya kurudi nyumbani hutolewa na kamanda, wala si sisi. Jukumu la kuwaunganisha wanajeshi na jamaa zao limo katika hati ya Bunge la Marekani.

Nilijifunza kazi nikiwa nimeketi kando ya mama huyo.

Kabla ya kuuliza cheo, kikosi au tarehe ya kuzaliwa, alimwomba aliyekuwa akilia alitaje jina la mwanajeshi herufi moja moja, polepole, naye akiirudia kila herufi.

Nilidhani ni utaratibu wa fomu tu. Leo ametueleza kwamba wengi, wanapoifikia herufi ya mwisho, huwa wamepata pumzi ya kusema yaliyobaki.

Nimeguswa mno.

Ninyi wenye mume, mke au mtoto jeshini, ni nani aliyewashika mkono siku ya habari nzito? Tafadhali niandikieni hapa. Ningependa kumsomea mama huyu majibu yenu.