Nani kasema ni sifuri?

Nikipitia msimbo wa mwenzangu nikakuta COALESCE(joto, 0), amri ya SQL (lugha ya kuiuliza hifadhidata) inayoweka sifuri pale joto linapokosekana, huwa nasimama hapo hapo na kumuuliza: nani kasema ni sifuri? Mara nyingi jibu ni kwamba programu ilikuwa inaanguka, na baada ya kuweka sifuri ikatulia. Sawa, imetulia. Ila sasa ripoti ina kipimo ambacho hakuna aliyekipima.

Chukua jedwali la vipimo vya joto lenye rekodi nne: 18, 20, 22, na ya nne ni NULL, alama ya thamani isiyokuwepo, kwa sababu kipimajoto kilikuwa kimezimika. Ukiiomba hifadhidata wastani kwa AVG, itakupa 20, maana AVG huziruka NULL. Sasa soma rekodi hizo hizo kwa lugha ya Java kupitia JDBC, njia yake ya kuzungumza na hifadhidata, kwa getDouble, jumlisha, gawa kwa nne. Unapata 15. Hakuna kosa lililotokea, hakuna onyo popote. getDouble ikikutana na NULL hurudisha 0, na getInt vivyo hivyo; ili ujue kama sifuri hiyo ni ya kweli, inabidi uite wasNull() mara tu baada ya kusoma. Wengi hawaiiti. Mimi nasoma kwa getObject("joto", Double.class), ambayo huniletea null kama ilivyo, kisha naamua mwenyewe la kufanya nayo.

Lugha ya Go inakubana zaidi, na ndiyo maana naipenda kwa jambo hili. Jaribu kuiingiza NULL kwenye kigeu cha kawaida cha aina ya string, Scan, inayosoma rekodi, inakataa na kukurudishia kosa. Utatumia sql.NullString, aina inayokubali NULL, au pointa (anwani ya thamani, ambayo ikiwa tupu huitwa nil), au kuanzia toleo la 1.22, sql.Null ya aina yoyote unayotaka. Watu hulalamika kwamba inachosha. Inachosha kweli, lakini inakuchosha wakati bado unaandika, jedwali liko mbele yako na unaweza kumuuliza aliyelibuni safu hii ikiwa tupu ina maana gani.

Swali hilo la maana ndilo linaloniuma zaidi. Katika jedwali la wafanyakazi, tarehe_ya_kuzaliwa ikiwa NULL maana yake hatuijui, ingawa ipo. tarehe_ya_kuondoka ikiwa NULL maana yake mtu bado yuko kazini, hakuna tarehe ya kutafuta. Hali mbili tofauti kabisa, zimebebwa na alama ile ile. E. F. Codd, aliyeasisi muundo wa hifadhidata za uhusiano mwaka 1970, aliliona tatizo hili, na katika kitabu chake cha mwaka 1990 alipendekeza ziwepo alama mbili: moja ya thamani inayokosekana ingawa inahusika, nyingine ya thamani isiyohusika. SQL haikulichukua pendekezo hilo, kwa hiyo kazi ya kutenganisha imebaki kwetu. Ndiyo maana sipendi kuona if (tarehe == null) imetapakaa kwenye faili mbalimbali. Andika yukoKazini() mara moja, mahali pamoja, na anayekuja baadaye ataelewa bila kukisia.

Upande wa maswali yenyewe ya SQL kuna mtego mmoja ambao ningependa kila anayeanza kazi hii auone kwa macho yake kabla haujamkuta. Unataka kategoria zisizo na watoto, yaani zisizo na kategoria ndogo chini yake, unaandika:

SELECT id FROM kategoria WHERE id NOT IN (SELECT mzazi_id FROM kategoria)

Kategoria za juu kabisa hazina mzazi, kwa hiyo mzazi_id yake ni NULL. Matokeo: hakuna hata rekodi moja. Fuatilia id 7 tuone. Tuseme orodha ya ndani ni 3 na NULL. Hifadhidata inauliza: je, 7 ni tofauti na 3? Kweli. Je, 7 ni tofauti na NULL? Haijulikani. Kweli ikiunganishwa na haijulikani kwa AND inakuwa haijulikani, na WHERE hupitisha kile tu kilicho kweli. Basi 7 imeachwa nje, na kila namba nyingine pia. Tumia NOT EXISTS, inayouliza tu kama hakuna rekodi inayolingana, na tatizo linaondoka.

Kupanga nako kunatofautiana: ukipanga kwa ASC, kutoka ndogo kwenda kubwa, PostgreSQL huziweka NULL mwisho, MySQL huziweka mwanzo. Na Oracle huhesabu maandishi matupu kuwa NULL. Ukihamisha programu kutoka hifadhidata moja kwenda nyingine, anza kukagua hapo.

Kanuni yangu kwa majedwali mapya ni NOT NULL (marufuku kuwa tupu) kila safu, na anayetaka kuiondoa aandike sababu kwenye maelezo ya safu hiyo. COALESCE naikubali kwenye kuonyesha tu, pale mtumiaji anaposoma "haijapimwa" kwenye skrini. Kwenye hesabu, hapana.

Halafu kuna JSON, muundo wa maandishi ambao programu hutumia kutumiana taarifa. Ombi la kusasisha taarifa likifika bila ufunguo wa "simu", yaani jina la sehemu hiyo halimo kabisa, mtumaji hajataka kuigusa. Likifika na simu ikiwa null, anataka ifutwe. Ndivyo RFC 7396, waraka wa kanuni za intaneti wa mwaka 2014, unavyosema. Pointa ya kawaida kwenye Go haiwezi kukutofautishia hayo mawili, zote zinakuwa nil. Hapo naunda aina yenye hali tatu: haikutumwa, imetumwa ikiwa null, imetumwa ikiwa na thamani. Na jaribio la kwanza ninaloandika kwa kila njia ya kusasisha ni lile linalotuma jina peke yake, kisha linahakikisha namba ya simu iliyokuwepo bado ipo.