Maji yakishatoka: nyumba yetu ya Kigogo baada ya masika ya 2024

Kila anayesikia kwamba nyumba yetu ya Kigogo, Dar es Salaam, iliingiliwa na maji katika masika ya mwaka 2024 hutupa pole ya dhati, na akishamaliza pole huuliza kwa nini hatuhami. Swali hilo ni la haki, na sisi wenyewe tunaulizana kila mawingu yanapotanda upande wa Pugu. Hata hivyo naona huulizwa mapema mno, wakati muulizaji bado hajajua ni kazi gani inayoikabili familia maji yakishatoka, na kazi hiyo ndiyo ninayotaka kuieleza hapa, kwa sababu kamera za televisheni huondoka pamoja na maji.

Asiyeujua Mto Msimbazi anaweza kudhani kwamba mafuriko yetu yanatokana na mvua inayonyesha juu ya paa zetu. Mto huu huanzia kwenye vilima vya Pugu na Kisarawe, hupita Ukonga, Kinyerezi na Tabata, hufika Kigogo na Jangwani, kisha huingia Bahari ya Hindi penye Daraja la Salenda. Kwa hiyo sisi tunaweza kuwa tunaanika nguo huku maji ya mvua iliyonyesha juu yakiwa njiani kutujia. Huko juu kumejengwa, miti imekatwa, ardhi iliyokuwa ikinywa maji imefunikwa kwa zege na mabati, na mchanga unaomomonyoka huteremka na kutulia huku bondeni ambako mto hauna kasi, hata kina chake kikawa kinapungua mwaka hadi mwaka. Chupa za plastiki na takataka nyingine humalizia kwa kuziba makalavati. Bahari nayo ina sehemu yake, kwani mafuriko yakikutana na maji kujaa, hasa wakati wa bamvua, yaani siku za mwezi mpya na mwezi mpevu ambapo bahari hujaa zaidi, mto hukosa pa kumwaga na hutapakaa mitaani. Marehemu baba, aliyekulia pwani, alituusia tuangalie mwezi pamoja na mawingu, na hadi leo mama huuliza mwezi umefika siku ya ngapi kabla hajauliza Mamlaka ya Hali ya Hewa imesema nini.

Usiku ule maji hayakuanzia mlangoni. Yalipanda kwanza kwenye tundu la choo na kwenye bomba la kutolea maji ya bafu, yakiwa meusi na yakinuka, na hapo mume wangu akazima swichi kuu ya umeme kabla ya kufanya jambo lingine lolote. Mdogo wangu alimbeba mama mgongoni, mimi nikashika watoto, tukapanda kwa jirani mwenye ghorofa ambaye alikwisha kufungua geti na kuwasha taa ya jenereta ili watu waone pa kukanyaga. Sitaurefusha usiku huo. Maji yalifika usawa wa madirisha, na kulipopambazuka yakaanza kushuka.

Yalipotoka yalituachia tope. Tope la Msimbazi ni jeusi, laini na zito, limechanganyika na majitaka, mafuta machafu na mchanga, na familia yoyote ya bondeni itakuambia kwamba ni lazima liondolewe likiwa bado bichi. Likikauka hushika ukuta kama saruji, na kulikwangua ni kung'oa lipu pamoja nalo. Wanaume waliingia na machepe na toroli, wanawake na watoto wakubwa tukapanga mstari wa ndoo kutoka kwenye kisima cha jirani, na kila chumba kilisafishwa kutoka ukuta wa nyuma kuelekea mlangoni ili uchafu usirudi mahali palipokwisha kusafishwa. Tulimwaga maji, tukasukuma kwa mafagio ya chelewa, tukarudia na kurudia tena, na maji ya mwisho tukayatia klorini. Pamoja na juhudi zote hizo, tope lilikuwa limejificha ndani ya matundu ya soketi, nyuma ya fremu za milango na kwenye miguu ya vitanda vya chuma. Wiki kadhaa baadaye binti yangu alifungua saraka ya cherehani ya bibi yake akakuta bonge moja lililokauka, na alipoligeuza, upande wa chini ulikuwa na alama za vifungo vya shati, kila kimoja na matundu yake manne.

Kazi iliyofuata ilikuwa kuamua kipi kitupwe, na hiyo ilituumiza kuliko kufagia. Godoro la sponji lililolala katika maji ya choo halifai tena hata likianikwa mwezi mzima, na huwa zito kiasi kwamba watu wanne hulitoa nje kwa kulikokota. Makabati ya mbao za kubandika yalivimba na kufumuka. Friji tuliikuta imelala chali sebuleni, nasi tukaiacha ikauke mpaka fundi alipoifungua, kwa kuwa kifaa cha umeme kilicholowa kikiwashwa haraka huweza kuungua au kumuua mtu. Vyombo vya chuma na vya udongo vilioshwa na kuchemshwa, nguo zikaloweshwa na kufuliwa hadi maji yakawa meupe. Palipotushinda ni kwenye chakula. Mama alikuwa na kiroba cha mchele alicholetewa na shangazi kutoka Kyela, na kiroba hicho kilikuwa kimelowa nusu.

"Mwanangu, huu nitauosha na kuuanika, angalau uwafae kuku," aliniambia.

"Mama, hata kuku tusiwape."

Mama alilea watoto mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati sukari na unga vilipangiwa foleni, na tangu utoto wetu sijawahi kumwona akitupa punje. Alinyamaza, akashika kiroba upande mmoja, nami nikashika upande wa pili, tukaenda kukifukia. Nawaomba wasomaji walio na wazazi wa umri huo wasiwalazimishe wala kuwakaripia katika saa kama ile, kwa sababu mzee anayekataa kutupa mchele anajua kabisa kwamba umeharibika.

Karatasi nazo zinahitaji uangalizi wa peke yake. Vyeti vya kuzaliwa vya watoto, cheti chetu cha ndoa, leseni ya makazi ya mama na picha za familia vilikuwa katika bahasha za kaki juu ya kabati, na kabati likaanguka. Tulijifunza kutoka kwa jirani mwalimu kwamba karatasi zilizogandana hazipaswi kuvutwa wala kuanikwa juani. Zinatenganishwa polepole zikiwa bado na unyevu, kila moja hulazwa juu ya kitambaa safi kivulini, na kitambaa hubadilishwa kinapolowa. Picha zilizoshikana hutiwa katika beseni la maji safi ya baridi hadi ziachane zenyewe, kisha hukaushwa upande wenye sura ukiangalia juu. Kwa njia hiyo tuliokoa karibu kila kitu chenye mhuri. Cheti cha kuzaliwa kikiharibika kabisa kuna RITA, wakala wa serikali wa usajili, ambayo hutoa kingine, lakini picha ya baba akiwa kijana mbele ya nyumba hii, wakati ikiwa bado haijaezekwa, isingetolewa na ofisi yoyote. Sura yake imebaki. Nyumba iliyo nyuma yake imefutika.

Kuhusu afya, kila mtu mtaani huzungumzia kipindupindu, na ni sawa, kwa sababu vyoo vya shimo hufurika na uchafu wake kuingia visimani. Ndiyo maana maji ya kisima tuliyatumia kufulia na kuoshea sakafu tu, na ya kunywa tuliyachemsha au kuyatia vidonge. Wachache hukumbuka homa ya mgunda, ambayo iliitikisa Lindi mwaka 2022. Vimelea vyake hutoka katika mkojo wa wanyama, hasa panya, na huingia mwilini kupitia michubuko mtu anapotembea katika maji machafu. Mdogo wangu alikuwa na kidonda kisiginoni, na mume wangu alimkatalia kabisa kushuka bila gambuti, hata pale alipodai kwamba kazi inachelewa. Ugomvi wao huo mdogo ulikuwa na faida kubwa.

Sasa nirudi kwa watu, maana bila watu tusingevuka. Kikoba cha mama kilikaa kikao cha dharura chini ya mwembe, na fedha za mfuko wa jamii zikagawiwa kwa wanachama walioingiliwa na maji kabla ya mtu yeyote kuleta fomu ya kujaza. Wifi yangu wa Mbezi alichukua watoto wote, pamoja na wawili wa jirani, akawalaza kwake na kuwapeleka shule kwa zamu na mumewe. Vijana wa mtaani, ambao mara nyingi husemwa kwa ubaya, walibeba wazee wakati maji yanapanda na walikesha wakilinda nyumba zilizoachwa wazi. Aprili 25, 2024, Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, aliliambia Bunge kwamba mvua zilizoambatana na El Nino zilikuwa zimeua watu 155 na kuathiri zaidi ya kaya 51,000 nchini. Nilipoisikia idadi hiyo niliwaza kwamba kila kaya kati ya hizo ilikuwa na chepe lake, magodoro yake mlangoni na mzee wake anayesita kumwaga mchele.

Nijibu sasa swali la kuhama. Desemba 2011, siku chache baada ya taifa kuadhimisha miaka 50 ya Uhuru, Dar es Salaam ilinyeshewa mvua ambayo wataalamu walisema haikuwahi kuonekana kwa kiwango hicho tangu 1954, na watu zaidi ya 40 walipoteza maisha. Serikali ilitoa viwanja Mabwepande, pembezoni mwa jiji, na familia nyingi za mabondeni zikahamia huko. Baadhi wamejenga na wametulia, nami nafurahi kwa ajili yao. Wengine walirudi, kwa sababu anayebeba mizigo Kariakoo au kukaanga samaki Kigogo hawezi kulipa nauli ya kwenda na kurudi Mabwepande kutokana na anachopata kwa siku. Walitajwa kwamba ni wakaidi. Mimi niliwafahamu, na nakataa neno hilo.

Sasa upo mradi mkubwa wa Bonde la Msimbazi, uliopata mkopo wa dola milioni 200 wa Benki ya Dunia mwaka 2022, wenye mpango wa kuchimba na kupanua mto, kujenga daraja jipya la Jangwani na kugeuza sehemu ya bonde kuwa bustani. Nauunga mkono kwa moyo wote. Majirani zetu wa mitaa ya chini walifanyiwa tathmini, wakalipwa fidia na kuondoka, na leo penye nyumba zao pamebaki uwanja. Sisi tuko upande wa juu, nje ya mstari wa mradi, kwa hiyo hatuna fidia, na nyumba iliyo na alama ya maji ukutani haina mnunuzi wa bei ya haki. Kupanga kwingine nako kunataka kodi ya miezi sita kwa mpigo, wakati ambapo akiba yote imekwenda kwenye magodoro. Anayetuuliza kwa nini hatuhami angetusaidia zaidi kama angeuliza pia tungehamia wapi, kwa fedha zipi, na mama angeishi vipi mbali na watu waliomzika mumewe.

Basi tumeamua kubaki na kuinua nyumba, kadiri mfuko unavyoruhusu. Tulianza na chumba cha mama: tulimwaga kifusi, tukakishindilia, tukamwaga jamvi jipya la zege juu yake, na sasa anapanda ngazi tatu kuingia ndani. Soketi zote za nyumba zimehamishiwa juu ya alama ya maji, na swichi kuu imepandishwa karibu na linta. Mlango wa mbele umejengewa kozi mbili za tofali za inchi sita kama kizuizi, ambacho wageni hukivuka kwa kuinua mguu. Nyaraka zote zimepelekwa Mbezi kwa wifi. Mama mwenyewe naye amekubali, baada ya mabishano marefu, kwamba masika yakikaribia atakwenda kukaa huko hadi mvua zipungue, mradi apewe nafasi ya kuweka cherehani.

Choo ndicho bado. Fundi ametushauri kuzungushia karo la choo ukuta wa zege, kupandisha sakafu ya choo juu ya ile ya vyumba na kuweka vali inayozuia majitaka kurudi nyuma, na gharama yake imetuzidi kwa sasa. Kikoba kitavunja mzunguko Septemba, na tukipata fungu letu kazi hiyo itaanza mara moja, kabla ya vuli.