Kumbe ilikuwepo

Saa nane na robo usiku. Posho, mbwa wangu, ameshakojoa, amerudi kwenye gunia lake na anakoroma kama mlinzi wa benki. Mimi niko jikoni na chai ya tangawizi iliyokwisha poa, nimejifunika shuka mabegani, maana baridi ya Morogoro majira haya inateremka na mlima bila kubisha hodi. Narudia maneno mawili ya Shangazi. Mawili tu. Angenisema dakika kumi ningekuwa nimeshasahau.

Alikuja Jumapili kutoka Turiani, na kichane cha ndizi na mchele kilo tano. Hakunipigia. Ukimwambia Shangazi apige simu kabla ya kuja anauliza kwani kwenda kwa mtoto wa kaka yake ni miadi ya daktari. Aliteremka Msamvu akapanda bodaboda hadi kwangu Kihonda, amekaa upande, mkoba mapajani, na kushuka akashuka kwa kumshika dereva bega, mguu mmoja kwanza, akapumua, halafu wa pili. Niliona. Nilimpokea mzigo, shikamoo, marahaba, habari za huko, tukapanda vidaraja vyangu viwili vya kibarazani, na Posho huyo hapo kalala ubavu.

Mtu ambaye hajamwona tangu mguu ukatwe anashtuka, nakiri. Nyonga ya kushoto imenyolewa mpaka ngozi inang'aa, nyuzi nyeusi kumi na nne (nimezihesabu, kazi yangu kuhesabu) zimepangana kama zipu, na shingoni kindoo cha plastiki nilichokitoboa kitako na kukizungushia plasta ukingoni ili asijilambe kidonda.

"Huyu kafanywaje?"

"Amekatwa mguu, Shangazi."

"Wote?"

"Wote. Wameutolea huku juu, kwenye paja."

"Shilingi ngapi?"

Hapo ndipo. Ningesema "kidogo tu" mambo yangeisha. Ningesema "ah, Shangazi, ingia ndani upumzike." Lakini mhasibu akiulizwa tarakimu anatoa tarakimu, ni ugonjwa.

"Laki mbili na themanini. Pamoja na dawa."

Akamtazama Posho. Akanitazama mimi. Akasema polepole, kama mtu aliyekumbuka alipoweka ufunguo:

"Kumbe ilikuwepo."

Kisha akaomba maji ya kunywa. Akala vizuri, akausifia mlenda, akamsengenya yule jirani yake wa mashine ya kukoboa, na saa tisa akaondoka kuwahi basi. Hakurudia. Hata jicho hakunikata.

Hakusema hela, mnaona. Angesema "kumbe hela ilikuwepo" tungekuwa na kitu cha kubishania, ningemwambia ile si hela yangu, ni mkopo, tungeanzia hapo. Alisema ilikuwepo, na ile "i" peke yake ikabeba mzigo wote: hela, na Oktoba, na goti, na simu niliyoikata haraka kwa kusingizia kikao. Halafu ile kumbe. Kumbe hailaumu mtu. Kumbe ni ya mtu aliyegundua jambo lake mwenyewe, wala haombi umjibu. Nimeijaribu kwa sauti hapa jikoni, mara ya mshangao, mara ya kejeli, Posho akafungua jicho moja akalifumba. Ya Shangazi haikuwa na kejeli hata tone.

Wageni wa hapa mtaniwia radhi, sitaanza upya habari ya ajali, niliiandika mwezi uliopita. Kwa ufupi: bodaboda, mfupa wa chini ya goti, na mimi nikaona nimwite kwanza yule bwana wa dawa za mifugo wa mtaani kwa sababu ni elfu kumi na tano na anakuja nyumbani. Akaufunga mguu kwa vijiti na bendeji, akaukaza hasa, akasema asiguswe wiki. Siku ya nne vidole vya Posho vilikuwa baridi kama vya samaki, na harufu. Pale hospitali ya wanyama ya SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, daktari alipofungua ile bendeji wanafunzi wawili walirudi nyuma hatua moja. Bendeji ikikazwa kupita kiasi damu haifiki, na nyama isiyofikiwa na damu inakufa, hakuna dawa ya kuifufua. Basi. Elfu kumi na tano yangu ya kubana matumizi ndiyo iliyokula mguu. Hilo Shangazi halijui, na sijui angelisemea neno gani.

Niliomba wamwachie walau kipande, nikidhani ni huruma. Daktari akanieleza kwa subira kwamba kipande ndicho mateso: mbwa ataendelea kukitumia, atakigongesha chini, kitachubuka kila leo. Afadhali kutolewa juu, mwili ujue mguu haupo. Akasema pia nishukuru ni wa nyuma, kwa kuwa mbwa hubeba kama asilimia 60 ya uzito wake kwa miguu ya mbele. Nikashukuru. Unashukuru chochote ukiwa umesimama pale na mkanda wa mbwa mkononi.

Usiku wa kwanza baada ya nusukaputi alilia sauti ambayo sijawahi kuisikia, nyembamba, ya kitoto, huku macho yako wazi na hanijui. Niliambiwa itatokea na bado ilinitoa jasho. Siku ya pili na ya tatu pale chini ya nyuzi pakavilia damu, pakawa zambarau kama bilinganya, nikapiga simu hospitalini mara mbili, wakaniuliza: panatoa usaha? Pananuka? Pamefumuka? Hapana, hapana, hapana. Basi tulia, mama. Jirani wa geti la bluu akaniletea diklofenaki zake za mgongo, kwa nia njema kabisa, nikazipokea na kuzifungia kabatini, kwa sababu daktari alinionya kwamba vidonge vya maumivu vya binadamu vinaweza kumtoboa mbwa tumbo na kumharibu figo. Jirani huyohuyo amenishauri nimpikie supu ya makongoro, mguu urudishe mguu.

Sakafu yangu nyekundu, mnayoijua kwa ninavyojisifia, sijaipiga polishi wiki mbili. Nimeitandazia viroba na mkeka wa plastiki kutoka kwenye gunia lake hadi mlangoni, nikavishonea kwa pembeni visiteleze. Na siku zile za mwanzo, kila saa nane za usiku, tulitoka hivi: kanga imekunjwa mara nne, imepita chini ya tumbo, ncha mbili mkononi mwangu, mimi nimeinama kama mchuma mchicha, yeye mbele kwa miguu miwili na nyuma kwa mmoja na nusu yangu. Kanga yenyewe ni ya Shangazi. Alinipa nilipohitimu, ina maandishi SISI SOTE ABIRIA DEREVA NI MUNGU, na ikikunjwa hivyo linabaki neno moja tu ubavuni kwa Posho: ABIRIA. Jumapili ilikuwa imeanikwa kambani, mbele ya macho yake. Nayo sijui aliiona.

Majibu ninayo tele sasa. La kwanza lilikuja nikiosha vyombo vya Jumapili: Shangazi, ule ni mkopo wa kikoba, narejesha miezi mitatu na riba juu. Ni kweli. Jumatatu kwenye daladala likaja jingine, kali: Posho ndiye mlinzi wangu, wewe unalala na watu saba nyumbani, mimi nalala na kitasa. Nalo ni kweli, ingawa huyo mlinzi aliwahi kumlamba fundi wa dishi mikono yote miwili. Jumanne hiyo tarehe 30 Juni tumefunga hesabu za mwaka wa fedha ofisini, tumetoka saa tano usiku, mdogo wangu kanipigia kuniambia mahari imepokelewa, nimefurahi sana, hongera nyingi, na wakati wote huo kichwani nilikuwa naandaa jibu la tatu: Shangazi, Oktoba kweli sikuwa nayo.

Hili la tatu ndilo linaloninyima usingizi. Kwa sababu ni kweli kabisa. Aliniomba laki moja na nusu, ya kwenda kupiga picha goti na nauli na dawa, nikamwambia "mwezi huu sina, Shangazi," na simu yangu ilikuwa na elfu ishirini na tatu. Sikumdanganya hata shilingi. Lakini kikoba kilikuwepo Oktoba. Mimi ndiye mtunza hazina wake, kitabu kinalala kwenye droo yangu. Haikunipitia akilini. Ilipokuwa ya Posho, nilitoka pale hospitali saa sita mchana, saa nane nilikuwa nimeshapata sahihi za wenzangu wawili.

Sasa nimjibuje? "Haikuwepo, Shangazi, niliitafuta." Nikishasema hivyo atakaa kimya kidogo, kisha ataielewa vizuri kuliko nilivyotaka. Yake sikuitafuta. Ya mbwa niliitafuta.

Kwa Waluguru mjomba ndiye mwenye neno. Kwetu wajomba walikwisha mapema, neno likaishia kwa Shangazi, na yeye kwa miaka yote hiyo amelitumia kwa uchache sana. Labda ndiyo maana mawili yanatosha.

Nilikuwa nimekusudia niishie hapo, nilale na uchungu wangu. Ila niwaambie kilichotokea usiku huu huu, nusu saa iliyopita.

Nimeshika kanga nimfuate mlangoni, mwenyewe hakungoja. Karuka kizingiti kwa miguu mitatu, kindoo kikagonga fremu ta!, akayumba, akasimama, akaenda moja kwa moja kwenye mpapai wake. Mnakumbuka Posho hukojoa kwa kunyanyua mguu wa kulia, tangu alipokuwa mtoto. Huo wa kulia ndio uliobaki nyuma. Siku zilizopita alikuwa akichuchumaa kama jike, kwa fedheha kubwa, ananitazama nisitazame. Leo akaufikia mpapai, akasimama. Akaunusa. Akaujaribu mguu wa kulia kidogo tu, akahisi dunia inainama, akaurudisha. Nikawa nasogea na kanga. Akauzunguka mpapai, taratibu, akaja upande wa pili, akaelekeza kule kushoto kusiko na kitu, na mambo yakajiendea yenyewe. Hakuna cha kunyanyua. Kishanyanyuliwa milele! Nimecheka peke yangu uani mpaka mbwa wa geti la bluu wakaanza kubweka.

Tuliporudi ndani nikamvua kindoo dakika tano apumzike shingo, nikiwa nimekaa naye hapo hapo. Sikio la kushoto likamwasha. Akainamisha kichwa, akafumba macho, na pale kwenye nyuzi, chini ya ngozi, nyama ya nyonga ikaanza kucheza haraka haraka, tuk-tuk-tuk-tuk, ule mwendo kamili wa kujikuna, mguu haupo. Akaacha. Akangoja. Akaanza tena. Nikapeleka mkono kwenye sikio nikamkuna, na kwa muda nikaona kucha zangu zinakwenda sambamba na ile nyama inayoruka, hadi zote mbili zikapungua, zikaisha, akajilaza akaguna.

Nyuzi zinatolewa Jumanne, siku ya 14. Kidonda kikavu, uvimbe umeshuka, vidonge anavikataa hata nikivizika ndani ya ini la kusaga, analamba ini lote na kidonge kinabaki kwenye bakuli kisafi kama jino.

Shangazi alinipigia jana jioni. Kuulizia bei ya mahindi hapa mjini. Nikamwambia nitamuulizia sokoni Sabasaba. Nikasema, "Na goti?" Akasema, "Lipo." Nikasema kikoba kinakutana Jumamosi. Akasema vikoba ni vizuri, wao pia wanacho, ila mwenyekiti wao mwizi. Kisha akauliza, "Na yule wa miguu mitatu anakula?" Nikasema anakula. "Basi vizuri," akasema, na simu ikakata, sijui yake au yangu.

Kuna jingine sasa. Nilipokuwa uani namsubiri Posho nilimulika mita ya maji, bila sababu, tochi ilikuwa mkononi tu. Kile kigurudumu chekundu kidogo kinazunguka. Nimefunga bomba la jikoni, la chooni, la uani, hata koki ya tangi. Nimerudi nikamulika tena. Kinazunguka bado.