Manase Amezaliwa, Mbona Yusufu Bado Analia?

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Jumamosi nilikuwa msibani. Tumekaa mkekani, akina mama wanagawa chakula, na sahani yangu ikaletwa na mkono ninaoufahamu. Ni dada niliyemdhamini kwenye kikoba miaka minne iliyopita. Aliacha kufanya marejesho, nikalipa mimi mpaka nikauza cherehani, halafu akapita kwenye jumuiya akisema nimekula hela za wenzangu. Nikapokea sahani, nikasema asante. Wali ukagoma kushuka.

Usiku usingizi ulikataa. Mwaka juzi nilisimama mbele ya kanisa nikashuhudia kwamba nimemsamehe, nanyi mkaitikia Amina. Nikawa najiuliza, ina maana nilimdanganya Mungu?

Nikafungua Mwanzo. Yusufu aliuzwa na ndugu zake kwa vipande 20 vya fedha. Alipopata mzaliwa wa kwanza kule Misri alimwita Manase, akisema Mungu amenisahaulisha taabu yangu yote, na nyumba yote ya baba yangu. Ushuhuda kabisa huo! Kisha njaa ikawaleta wale wale ndugu kununua nafaka kwake, wasimtambue. Wakaanza kusemezana jinsi Yusufu alivyowasihi siku ile, nao hawakumsikia, wakidhani haelewi, maana palikuwa na mkalimani katikati. Akatoka, akaenda kulia pembeni. Manase yuko nyumbani anakua, na baba yake analia! Hakuwa mwongo alipompa mwanawe jina lile. Mungu alikuwa amemponya kweli, ila kidonda kingine kilikuwa kinasubiri siku ya kuonana uso kwa uso.

Hapa niseme na sisi kanisa, mnivumilie, na mimi nimo. Mtu akija analia kwamba ameumizwa, tunamharakisha. "Samehe tu mama, usije ukaikosa mbingu." Saba mara sabini tumeshamsomea kabla hajamaliza kueleza. Niliwahi kumfanyia hivyo binti aliyekuwa anapigwa na mumewe. Nilimpa mstari, nikamrudisha kwenye kipigo. Natubu mbele zenu. Tuache, wapendwa! Aliyeumizwa apewe kwanza mahali salama na sikio.

Maana Yusufu mwenyewe hakulifunika jambo. Siku ya kujitambulisha alisema, "Mimi ni Yusufu, ndugu yenu, ambaye mliniuza kuingia Misri." Mliniuza. Hakulitafutia tendo lile jina la upole. Alilitaja kwa jina lake, kisha akawabusu wote, akalia, akawapa nchi ya Gosheni kule Misri wakae na watoto wao. Na baba yao alipokufa, wao wakaogopa kisasi, akawauliza kama yeye ni badala ya Mungu. Basi wewe unayesoma huku kuna uso mmoja umekujia, mwambie Mungu yote, hata yale unayoona aibu kuyatamka kwenye maombi. Ukilia leo tena kwa jambo ulilokwisha kulisamehe, usijihukumu. Lia, kisha msamehe tena, na kisasi mwachie Bwana.

Jumatano hii jumuiya ni kwangu, naye ni wa jumuiya yetu. Nimemwomba mama mchungaji afike mapema, tukae watatu kabla wengine hawajaingia. Hela simdai tena. Ila nitamweleza habari ya cherehani, na habari ya yale maneno aliyoyasambaza, halafu nitammiminia chai.

Niombeeni.