Cheche Kabla ya Ngurumo

Juzi mwanangu aliniona nikichomoa kebo ya antena ilhali jua bado linawaka, akauliza kwa nini naikimbia radi ambayo haijafika. Swali lake lilinirudisha Kisii, katika chumba cha mzee aliyenifundisha redio ya ridhaa, yaani kurusha na kupokea mawasiliano ya redio kwa hiari, si kwa biashara, alasiri moja ya masika.

Wingu lilikuwa limejikusanya upande wa Ziwa Viktoria, lakini hata tone moja lilikuwa halijaanguka. Mzee alikuwa amekwisha kuchomoa kebo iliyoshuka kutoka antena yake ya bendi ya mita 40 (mawimbi ya redio yenye urefu wa karibu mita 40), yenye nyaya mbili za karibu mita 10 kila moja, na ncha yake ameilaza ndani ya chupa ya kioo, kama walivyozoea wengi wa rika lake. "Kijana wangu, tazama ukiwa hapo hapo," akaniambia.

Cheche ya buluu iliruka kutoka pini ya katikati ya ncha ile ya kebo hadi kwenye pete yake ya nje, ikalia "ta!", kisha kimya. Ikaja nyingine. Mzee alinieleza kwamba hewa huhitaji takriban volti 3,000 ili cheche ivuke milimita moja tu, na kwamba waya uliotundikwa kwa vihami, vishikizo visivyopitisha umeme, hauna njia ya kumwaga chaji unayoipata kutokana na wingu, vumbi na matone yaendayo na upepo. "Hii bado si radi," alisema. "Huu ni umemetuamo, nao unatosha kuua transista ya kwanza ya kipokezi chako." Nafasi kati ya cheche zilizidi kufupika, nikaacha kuzihesabu, mpaka milio ikaungana ikawa mvumo mmoja mkali, na chumba kikanuka ile harufu kali ya hewa iliyochomwa na umeme. Hapo ngurumo ya kwanza ikasikika kwa mbali. Kwa fimbo ndefu ya mti mkavu, mzee alisukuma swichi ya shaba iliyounganisha antena na ardhi. Cheche zikakoma papo hapo, naye akanitoa chumbani.

Tufani ilipita. Redio zake, ambazo pia alikuwa amezichomoa kwenye umeme wa nyumba, zilisalimika. Televisheni kadhaa za majirani ziliungua. Baadaye nilisoma habari za Georg Wilhelm Richmann, aliyeuawa na radi mjini St. Petersburg mwaka 1753 akichunguza umeme kwa fimbo ya chuma isiyounganishwa na ardhi, nikaelewa kwa nini mzee hakutaka nisogee.

Chupa ile siitumii. Kebo inayoingia ndani huikaribisha radi ndani, kwa hiyo yangu huitenga nje ya ukuta, penye kinga ya mkondo wa ghafla na rizista inayomwaga chaji polepole. Fimbo zangu zote za ardhini nimeziunga pamoja, pamoja na ile ya umeme wa nyumba, kwa sababu zikitengana, tofauti ya volti kati yake husukuma umeme upite katikati ya redio.

Bado jambo moja linanisumbua. Sisi wa redio ya ridhaa huahidi kuwasiliana pale simu zinapokatika, na kwetu mara nyingi hukatika wakati wa mvua kama ile, saa ambayo kebo yangu imelala nje, imechomolewa.